Sufuria Lenye Magurudumu

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi laki tatu, elfu arobaini na mia tano. Nimezijumlisha mara mbili, na mara zote mbili jibu limekuja lile lile. Katika fedha hizo, zilizomponya mgonjwa ni zile mia tano za mwisho: pakiti ndogo ya sabuni ya unga na wembe. Nyingine zote naziita ada ya shule, kwa sababu kila fundi niliyemlipa alinifundisha jambo moja la kweli ambalo halikuwa ugonjwa wa gari langu.

Mgonjwa mwenyewe ni pikapu ya milango minne, nyeupe kwenye kadi na ya rangi ya vumbi kwenye macho ya watu. Niliinunua hapa Musoma kwa mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa anaacha ziwa na kuhamia kwenye saruji. Mimi nauza dagaa, kwa hiyo tulikuwa tunafahamiana na kila mmoja alijua mwenzake ni mtu wa namna gani.

"Ina tatizo gani?" nilimwuliza. Gari halishushwi bei kwa huruma.

"Haina tatizo, mama. Inachemshaga kidogo tu ikipanda mlima."

"Basi na wewe punguza kidogo tu, kama huo mlima."

Akacheka, akapunguza. Nikaizunguka pikapu mara ya pili nikiwa nimenyamaza, akapunguza tena. Nilipoanza mzunguko wa tatu alinikabidhi ufunguo, akasema anaogopa nikifika wa nne nitamdai nauli ya kurudi nyumbani. Niliondoka pale nikiimba.

Nyimbo ziliisha njiani kwenda Mugeta, ambako kaka yangu mkubwa anafuga ng'ombe wa familia na kulima pamba. Nilifika kwake mvuke ukitoka kila upande wa boneti. Kaka alitoka zizini na fimbo yake, akaitazama pikapu, akanitazama mimi.

"Dada, wenzako wananunua magari. Wewe umenunua sufuria lenye magurudumu."

Huwezi kubishana na mtu ambaye ushahidi wake unatoa mvuke mbele yenu wote wawili. Kuanzia siku hiyo jina likawa hilo, Sufuria. Wajukuu wakaniuliza leo Sufuria linapika nini.

Ningeweza kuishi na jina hilo. Nilikuwa natoka Musoma hadi Bunda kwa mwendo wa pole, nasimama pale mshale wa joto unapokaribia alama nyekundu, nanunua muhogo wa kuchoma, nangoja injini ipoe. Lakini mwanangu wa mwisho akapata mchumba Butiama, na mambo ya watu wawili yakaangukia juu ya rejeta yangu.

Mahari ilikuwa imekubaliwa na ng'ombe wengi walikuwa wamekwisha kufika kwa miguu yao. Alibaki mmoja, wa mama wa binti. Mama huyo alikwenda mwenyewe Mugeta kumchagua, akapita katikati ya zizi zima kama anayechagua kitenge, akamgusa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mtamba alikuwa na mimba kubwa. Kumtembeza kutoka Mugeta hadi Butiama katika hali ile hakuna mfugaji angekubali, hata kaka yangu, ambaye huona kwamba kila kiumbe kinaweza kutembea ukikisemesha vizuri.

Basi tulikwenda Butiama, mimi na mwanangu na kaka, kupanga siku ya kumpeleka. Sufuria lilipanda mlima wa mwisho likilalamika, na lilipofika mbele ya geti la wakwe likaamua kusema yote. Maji yakarushwa juu ya kioo. Shangazi watatu wa binti wakaja mbio na ndoo, wakicheka hadi mmoja akalazimika kukaa chini. Mwingine akajifunga khanga mkononi aufungue mfuniko wa rejeta. Nilimshika mkono.

"Usiufungue, shangazi. Ukiwa moto unatapikia mtu usoni. Hayo maji yanabanwa humo ndani."

"Kumbe ni kama chungu cha maharage?"

"Ni kama chungu cha maharage chenye jiwe juu ya kifuniko."

Baba wa binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alisubiri kicheko kiishe ili lake lisikike.

"Mkwe," aliniambia, "nasikia ng'ombe wa mama watoto atakuja kwa gari hili. Nauliza tu, mtatuletea ng'ombe au mtatuletea supu?"

Kaka yangu alicheka kuliko wote. Mwanangu aliangalia viatu vyake. Na mimi, ambaye katika maisha yangu sijawahi kutaja bei ya kwanza kabla ya mwenzangu, nilifungua mdomo nikasema mbele ya watu wote: "Jumamosi ijayo, kabla ya saa sita mchana, huyo mtamba atakuwa zizini kwako. Atakuja na gari hili hili, na atashuka akicheua."

"Kabla ya saa sita," alirudia yule mzee. "Maana saa sita wazee wanakaa. Na wazee wakikaa hawajaona ng'ombe, huwaga wanakumbuka mambo mengine."

Mambo mengine sote tuliyajua. Ng'ombe akipokelewa Jumamosi, padre angeanza kutangaza ndoa Jumapili, na arusi ingefungwa kabla ya Kwaresima. Asipopokelewa, Kwaresima ingeingia na hakuna arusi mpaka Pasaka ipite. Mwanangu alikuwa amepangiwa kazi mkoa wa mbali na alitaka aondoke na mke wake. Tena kulikuwa na kijana mwingine wa pale pale Butiama ambaye hakuwa ameacha kupita mbele ya lile geti, na ng'ombe wake hawakuhitaji gari.

Njiani tukirudi mwanangu aliniambia polepole, "Mama, tukodi fuso tu."

"Nimeuliza. Bei ya fuso ni miguu mitatu ya huyo ng'ombe."

"Basi tulipe."

"Na maneno niliyosema nitayalipa na nini?"

Ni mtoto mzuri. Anajua mama yake anaweza kupoteza fedha, akakasirika wiki moja, lakini akipoteza neno hapati usingizi mwaka mzima.

Kwa kweli matibabu yalikuwa yameanza zamani. Fundi wa kwanza, hapa mjini Musoma, alifungua mahali ambapo mpira wa juu wa rejeta unaingia kwenye injini, akatoa kidude cha shaba chenye springi, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai.

"Hii ndiyo inakusumbua, mama. Thamostati. Ni ya nchi za baridi. Huku kwetu jua lipo, ya nini?"

Akanieleza kazi yake: ni bawabu. Injini ikiwa ya baridi, anafunga mlango ili maji yazunguke humo humo yapate moto upesi. Maji yakishapata moto, anafungua yaende kwenye rejeta. Nilimwuliza kama ni busara kumfukuza bawabu kwa sababu tu nyumba ina joto. Akasema kila mtu huku anamfukuza. Nikalipa elfu ishirini. Sufuria likaendelea kuchemka, ila sasa asubuhi lilichelewa kupata moto na lilikunywa mafuta zaidi. Aliniuzia pia mfuniko mpya wa rejeta, elfu kumi na tano, akasema ule wa zamani springi yake imelegea. Hilo lilikuwa kweli. Mfuniko ukilegea maji hayabanwi tena, na yasipobanwa yanachemka mapema. Nikawa na mfuniko mzuri juu ya ugonjwa ule ule.

Fundi wa pili alisema pampu. "Mama, pampu ya maji ndiyo moyo. Moyo ukichoka, damu haizunguki." Laki mbili na elfu arobaini, pampu na mkono wa fundi. Alianza na laki tatu na nusu, na tulikaa juu ya matairi mpaka chai ikaletwa mara mbili. Pampu ya zamani alinionyesha, na kweli ilikuwa inachezacheza. Nikaenda na moyo mpya mpaka Butiama, siku ile ya shangazi na ndoo.

Jumatatu baada ya aibu ile nilikaa uani kwangu na pikapu kama watu wawili wanaodaiana. Nikajiuliza swali ambalo ningemwuliza mteja yeyote anayeniambia mzigo umepungua: umepungua kiasi gani? Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, niliweka beseni chini ya rejeta, nikafungua koki, nikayapima maji kwa chupa. Yalikuwa chupa sita na kikombe. Nikayarudisha, nikayapima tena, maana kipimo cha mara moja ni uvumi. Chupa sita na kikombe. Nikayajaza, nikaendesha mpaka mshale ukakaribia nyekundu, nikasimama kabla hayajamwagika, nikaiacha ipoe hadi alasiri. Nikafungua koki. Chupa sita na kikombe.

Injini haikuwa inakunywa maji. Hapakuwa na tundu. Wala oili haikuwa na ile rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia ndani yake, ambayo mafundi wote wawili waliniambia niiogope kuliko kifo. Maji yalikuwa yote yapo, yanazunguka, na bado hayapoi.

Jumatano nilikuwa na mzigo wa dagaa wa kupeleka Bunda, na Sufuria lilinifikisha hadi Kabasa tu. Nikalisukumiza kwenye gereji moja ya mabati kando ya barabara. Fundi wa pale, mtu mzima, mwenye kitambaa cha kufutia mikono begani, alisikiliza injini kidogo akatikisa kichwa.

"Gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasivuje ndani ya injini. Hapa lazima tufungue injini."

"Bei gani kufungua?"

Akataja. Nikamwomba airudie ili nihakikishe hajataja namba ya simu.

"Ndiyo hivyo, mama. Kazi kubwa."

"Gasketi ikiungua, si maji yanapungua?"

"Yanapungua, ndiyo."

"Yangu hayapungui hata kikombe. Nimeyapima."

"Umeyapima?" Aliwageukia wenzake. "Eti ameyapima!"

"Mara tatu."

Walicheka, na mimi nikawaacha wacheke, maana nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu la dagaa, na biashara ndiyo lugha ninayoielewa, basi nikaliweka jambo kibiashara. Injini inazalisha joto. Maji ni mpagazi: analibeba joto, bawabu anamfungulia, pampu inamsukuma, anafika kwenye rejeta. Rejeta ni soko, vijia vyembamba vingi na mabati membamba katikati ya vijia, ili bidhaa ionekane kila upande. Na mnunuzi ni upepo. Upepo ukipita unalichukua joto lote, mpagazi anarudi mikono mitupu kuchukua mzigo mwingine. Sasa, mpagazi wangu yupo, ameshiba, ana moyo mpya. Soko lipo. Lakini kila akirudi bado amebeba mzigo. Nimewahi kukaa sokoni siku kama hiyo. Siku hiyo geti la kuingilia wateja lilikuwa limefungwa na sisi tulikuwa ndani tukilaumu bei.

"Fundi," nilisema, "kuna gazeti?"

Alinipa ukurasa uliokuwa umefungia vitumbua. Pembeni kulikuwa na pikapu nyingine kama yangu, inanguruma, imekuja kubadilishwa oili. Nikausogeza ule ukurasa mbele ya grili yake. Feni ya ndani iliuvuta, ukabandika pale kama nguo mbichi mgongoni. Nikaubandua, nikaenda kwa Sufuria langu, nikaliwasha, nikausogeza. Ukurasa ulisimama kidogo hewani, ukaanguka chini. Nikaurudia. Ukaanguka tena.

Hakuna aliyecheka.

"Feni inazunguka," fundi alisema, akiwa ameinama. "Tena kwa nguvu."

"Inazunguka. Lakini haivuti kitu. Kuna mtu amefunga geti."

Alichukua tochi. Mbele ya rejeta ya pikapu hizi kuna rejeta nyingine nyembamba, ya kiyoyozi, na kiyoyozi changu kilikufa kabla sijakutana nacho. Akamulika ile ya mbele, safi. Akamulika rejeta kutoka nyuma, upande wa feni, safi. "Umeona? Hakuna kitu."

"Na katikati ya hizo mbili?"

"Katikati hapaonekani bila kufungua rejeta."

"Fungua."

"Elfu thelathini."

"Tufanye hivi," nilisema. "Ukifungua ukakuta kizuizi, kazi ni bure, kwa sababu ulitaka kunifungulia injini nzima. Usipokuta kitu, nakuachia gari hapa hapa ufungue hiyo gasketi kwa bei yako ya kwanza, sitapunguza hata mia."

Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomshawishi. Wenzake walikuwa wamenisikia nikibishania bei ya maji ya kunywa.

Akamwaga maji, akafungua mipira, akalegeza bolti, akaivuta rejeta kuelekea kwenye feni. Halafu akasema neno moja kwa lugha ya kwao ambalo silijui, lakini nililielewa.

Kulikuwa na wavu. Wavu wa dagaa, ule wenye matundu madogo ambayo hata unga unafikiria kabla ya kupita, umekatwa vizuri kwa kipimo cha rejeta na kufungwa kwa kamba pembe zote nne. Juu ya wavu kulikuwa na blanketi. Sijui niliite nini kingine. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, walikuwa wameshindiliwa humo kwa maelfu. Juu yao nyuzi za pamba kutoka mashamba ya Bunda, mbegu za majani, magamba ya dagaa, vumbi la barabara ya Mugeta, na vyote vilikuwa vimepigwa mvua na kukaushwa na joto mpaka vikawa kitu kimoja, kigumu kama godoro. Fundi alikigonga kwa spana kikatoa sauti.

Nikampigia simu yule aliyeniuzia.

"Aa, mama! Ule wavu! Nilikuwa nimeusahau kabisa. Niliuwekaga msimu wa wadudu, maana walikuwa wanaziba rejeta."

"Wewe umewasaidia kuziba."

"Si ulikuwa unawazuia?"

"Umewazuia vizuri sana. Umezuia mpaka upepo."

Akaniuliza kama wavu bado ni mzima, maana wavu siku hizi ni ghali. Nikamwambia nimenunua gari na vyote vilivyomo, nikakata simu.

Nilitoa mia tano, nikanunua sabuni ya unga na wembe kwenye kibanda cha jirani. Kwa wembe tulikata zile kamba na kuliondoa blanketi. Kwa sabuni na maji, kutoka nyuma kwenda mbele ili uchafu urudi njia uliyoingilia, tuliosha yale mabati membamba taratibu, bila nguvu, kwa kuwa yanapinda kama karatasi. Fundi aliirudisha rejeta, akafunga bolti zake zote na kujaza maji bila kudai, kama mtu aliyepatana. Nikaliwasha Sufuria, nikachukua ule ukurasa wa vitumbua. Hata sikuufikisha. Ulichomoka mkononi mwangu ukajibandika kwenye grili, paa!

Vijana wa gereji walipiga makofi. Mimi nikaubandua nikaurudia mara ya pili.

Nilifikisha dagaa wangu Bunda, nikarudi Musoma kwa mwendo ambao sikuwahi kuutumia, mshale umekaa katikati umetulia. Siku iliyofuata nikaenda kwa fundi wa kwanza kudai thamostati yangu. Alikuwa bado nayo, kwenye kopo la misumari. Nililipa elfu kumi na tano airudishe, kidude nilichomlipa elfu ishirini akitoe, na aliposhangaa nikamwambia bawabu anarudi kazini kwa sababu geti sasa linafunguka. Nikajaza pia maji ya kijani, ya dukani, madumu mawili kwa elfu hamsini, badala ya maji ya ziwa niliyokuta humo, yanayoacha tope na kutu kwenye vijia. Hiyo ndiyo laki tatu na elfu arobaini. Unaweza kuhesabu, mimi nimekwisha hesabu.

Ijumaa jioni nilikuwa Mugeta. Asubuhi, jua likiwa bado dogo, kaka na wachungaji wawili walitengeneza ngazi ya magogo na udongo, wakampandisha yule mtamba mwekundu nyuma ya pikapu juu ya majani makavu, tumbo lake limejaa hadi ubavuni. Kibali cha kumsafirisha kilikuwa mfukoni mwangu. Halafu nikamwona kaka anapakia madumu ya maji.

"Ya nini hayo?"

"Ya sufuria. Huwezi kupika bila maji."

"Kaka, acha madumu. Ng'ombe anahitaji nafasi."

"Dada, sikiliza." Alisimama wima, akainua fimbo yake kama anahutubia kijiji. "Hiki chombo kikifika Butiama bila kuchemka, ndama atakayezaliwa na huyu ng'ombe ni wako. Mimi nitakupa."

"Rudia."

"Ni wako!"

Wachungaji walisikia, na mwanangu alisikia. Hata hivyo madumu aliyapakia.

Tulishuka hadi Bunda, tukashika lami kuelekea upande wa Musoma. Mwanangu alikaa nyuma kumtuliza ng'ombe kupitia dirishani. Kaka alikaa mbele na hakuangalia barabara hata mara moja, alikuwa anaangalia mshale.

"Umesimama," alisema.

"Umetulia."

"Umekufa. Mshale wa gari hii umekufa, ndiyo maana unajidai." Akaupigapiga kioo kwa ukucha, kama anayemwamsha mtu msibani. Mshale haukujali.

Makutano, kabla ya kukunja kulia kwenda Butiama, alinilazimisha nisimame. Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa, akakirudisha. Akasikiliza. Akarudi ndani akiwa mnyonge kidogo.

"Bado mlima," alisema.

Mlima ulikuja. Ng'ombe mwenye mimba, watu watatu na madumu manne ya kaka, gia ya pili, jua limepanda. Nilisikia feni ikivuta upepo kwa sauti ambayo mwenye gari zima haisikii kabisa, lakini mimi ningeweza kuicheza ngoma. Mshale ulipanda unywele mmoja. Kaka akashika dashibodi kwa mikono miwili. Nyuma, mwanangu aliacha kuzungumza na ng'ombe. Kisha ukarudi unywele mmoja, ukakaa pale pale katikati, na mbele yetu lilionekana geti.

Walikuwa wamejipanga. Shangazi wote watatu, kila mmoja na ndoo yake ya maji imejaa, na nyuma yao watoto, na nyuma ya watoto yule kijana mwingine wa Butiama akijifanya anapita. Waliimba kitu kuhusu mpishi. Nikapita katikati yao taratibu, nikasimama ndani ya uwanja, nikazima injini. Kimya. Hakuna mvuke wala tone.

Nikashuka.

"Shangazi zangu, maji ya nini hayo?"

Wakatazamana.

"Ng'ombe ana kiu," nikasema. "Mpeni. Na kaka yangu naye ameleta madumu manne, akifikiri Butiama hakuna maji."

Yule aliyekaa chini kwa kicheko mara ile alikaa chini tena, safari hii kwa upande wangu. Mtamba alishushwa, akanywa ndoo mbili bila kuinua kichwa, akasimama mbele ya mama wa binti akicheua. Baba wa binti aliangalia saa yake, akaangalia boneti, akaweka kiganja juu yake kama kaka alivyofanya.

"Mkwe," alisema, "supu haipo."

"Haipo, mkwe. Pole."

"Basi wazee waje wakae." Ilikuwa bado saa nzima na zaidi kufika saa sita. Yule kijana mwingine alikuwa amekwisha pita kabisa. Mwanangu alinishika bega, na mimi nikaangalia pembeni kwa sababu vumbi la pale Butiama linaingia sana machoni.

Jumapili padre alitangaza. Arusi ilifungwa kabla ya Kwaresima, na walikwenda kanisani kwa Sufuria, limepambwa maua kwenye grili. Niliyaondoa njiani, maua nayo yanazuia upepo.

Lakini siku ile ya Jumamosi bado haijaisha kwangu. Wazee wakiwa wanakula, mtamba alijifungua ndani ya zizi la wakwe, ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kama mama yake. Vigelegele vilipigwa. Nikamgeukia kaka, nikamwambia: ndama wangu huyo.

"Mimi nilisema nitakupa," akajibu, "lakini amezaliwa zizini kwao. Kamdai mkwe wako."

Nikaenda kwa mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, akasema: "Kaka yako ametuambia ulinunua gari na wavu ndani yake, na hukumrudishia mwenyewe. Sisi nasi tumepokea ng'ombe na kilichokuwemo."

Nimeifikiria hoja hiyo mara mbili na bado sijapata mahali pa kuipunguzia bei. Kwa hiyo nawaomba ushauri ninyi mnaozijua hesabu za zizi: ahadi ilitolewa Mugeta mbele ya mashahidi watatu, gari halikuchemka, ndama yupo hai na ananyonya Butiama. Nimdai nani? Na wewe kaka, haya yakikufikia kabla ya ushauri wao, nitapokea ndama jike yeyote wa umri huo kutoka zizini kwako. Usafiri ni juu yangu.